Maswali ya Wasomaji: Milango ya Paa Inayovuja kwenye Basi la Shule Lililogeuzwa Nyumba

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kitu kimoja: ile milango ya dharura ya paani ambayo mabasi ya shule ya Marekani huja nayo, na ambayo basi likishastaafu na kuwekwa vitanda na jiko huwa ndiyo ya kwanza kuingiza maji. Vipimo tumevitoa kwa inchi pale ambapo maduka ya huko huuza kwa inchi.

Nina basi la mwaka 2003, nililinunua kwenye mnada wa wilaya ya shule. Lina milango miwili ya paa. Wa mbele unavuja kila mvua ikinyesha. Nimeuzungushia silikoni mara tatu, kila mara unatulia kidogo kisha maji yanarudi. Ninunue mpya, au kuna dawa nyingine?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Acha silikoni kwanza. Silikoni iliyopakwa juu ya gundi kuukuu na vumbi hushika pembeni tu. Paa likipata jua hutanuka, usiku hunywea, na ukingo wa ile silikoni hubanduka kidogo kidogo. Maji huingia kwa hapo, na kwa kuwa pande nyingine umeziba, hayana pa kutokea. Hukaa chini ya fremu na kula bati. Ndiyo maana kila unapoongeza tabaka, hali ya chini huzidi kuwa mbaya.

Jua kwanza maji yanapita wapi. Fungua skrubu za fremu ya ndani, ile ya kupamba dari, uishushe. Mtu mmoja abaki ndani na tochi, mwingine apande na mpira wa maji. Mwagia ukingo wa chini wa fremu tu, taratibu, bila kugusa kifuniko, kama dakika tano kila upande. Tone likionekana hapo, tatizo ni fremu na bati. Pasipoonekana kitu, panda sasa na maji hadi kwenye kifuniko chenyewe. Tone la wakati huu ni la raba ya kuziba mlango au la ufa kwenye plastiki. Usiamini mahali tone linapoangukia sakafuni: maji hufuata ubavu wa paa (mhimili wa chuma ulio chini ya bati) na yanaweza kutokea mita nzima kutoka yalipoingilia.

Raba ina kipimo chake chepesi. Kata ukanda wa karatasi, ufungie mlango juu yake, kisha uvute. Rudia kila baada ya inchi sita kuzunguka mlango. Karatasi ikitoka bila ukinzani, raba imelala hapo. Ikiwa imelala sehemu moja tu, upande wa bawaba, chunguza bawaba kabla ya raba. Pini iliyolegea huinua kona na hakuna raba mpya itakayoifikia.

Raba peke yake ikiwa mbovu, badili raba. Kifuniko kikiwa na nyufa kwenye kona au kimekuwa cheupe na kuchakaa kwa jua, uliza kwanza kama mtengenezaji anauza kifuniko peke yake. Milango mingi ya mabasi haya ni ya Transpec. Tafuta chapa au lebo kwenye fremu ya ndani. Maji yakipita chini ya fremu, lazima ing'oke yote hata kama utairudisha ileile. Ukiagiza mpya, pima tundu la paa, usipime kifuniko. Mengi yana inchi 23 hadi 24 kila upande, lakini tofauti ya robo inchi inatosha kukutia hasara. Pima pia unene wa paa kutoka bati la nje hadi dari, hasa kama umebadili dari, maana fremu ya ndani imekatwa kwa unene wa kiwandani.

Kwa mlango mmoja nunua: utepe wa butili (raba laini inayonata) wa upana wa inchi 1 na unene wa inchi 1/8, mita 3 hivi (rola ya futi 30 inatosha milango mitatu), gundi ya poliurethini, kopo moja la mililita 300, spiriti ya isopropili, msasa namba 80 na 180, wembe wa kukwangulia na akiba ya nyembe zake, praima ya epoksi, na skrubu za chuma kisichoshika kutu, idadi sawa na matundu ya fremu. Usitoboe matundu mapya. Kila tundu ni njia ya maji.

Kazi ya kung'oa inahitaji subira kuliko nguvu. Milango mingi ina nyaya mbili za kengele, ile inayolia komeo likifunguliwa wakati swichi ya gari imewashwa. Zikate ukiwa umeziwekea alama, kisha ziba ncha kama hutazirudisha. Kwangua gundi hadi vichwa vya skrubu au ribiti vionekane. Skrubu iliyoshikwa na kutu isiyotoka, saga kichwa chake kwa grainda. Ribiti toboa kichwa kwa biti na usukume mkia. Kisha pitisha kisu chembamba chini ya fremu pande zote, ukipasha gundi moto kidogo inapokaza. Usiingize bisibisi na kunyanyua kwa kuegemea bati. Bati la paa ni jembamba, kama geji 20, yaani chini kidogo ya milimita moja (namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba zaidi). Likishabonyea pembeni ya tundu, maji yatatuama hapohapo na fremu mpya haitakaa sawa.

Sasa kuna sehemu ambayo wengi huiharakisha. Silikoni yote itoke, mpaka ile usiyoiona. Hakuna kinachoshika vizuri juu ya silikoni kuukuu, hata silikoni nyingine. Kwangua, paka dawa ya kuyeyusha mabaki yake, piga msasa hadi chuma king'ae, kisha pangusa kwa spiriti na kitambaa safi, ukigeuza kitambaa kila mara. Matone ya maji ni mpimaji mzuri: nyunyizia kidogo, yakijikunja vidonge bado kuna silikoni, yakitandaa umesafisha.

Kutu ya juujuu, saga hadi chuma cheupe na upake praima ya epoksi, uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kutu iliyochimba, ichome kwa ncha ya bisibisi. Ikipenya, hapo hakuna dawa ya kupaka; kata na uweke kiraka, kama tunavyomweleza msomaji wa Dallas hapa chini.

Jaribu fremu ikiwa kavu kwanza. Weka ubao ulionyooka juu ya tundu kukata upana wa paa, na upime mwanya kwenye ncha zake. Paa la basi limepinda. Fremu ya mlango wa basi imetengenezwa kwa hilo, lakini si fremu zote. Mwanya ukizidi milimita 3, tabaka moja la butili halitaujaza: ongeza la pili sehemu za mwanya, au weka kipande cha plastiki ngumu au alumini kilichokatwa kwa mteremko. Mbao usiweke kabisa, hunywa maji.

Bandika butili kwenye fremu, si kwenye paa. Usiipinde kwenye kona. Ikate, uipishanishe na uifinye. Kiungo cha mwisho kiwe upande wa nyuma wa basi, mahali ambapo upepo wa barabarani hausukumi maji. Shusha fremu wima bila kuiburuza. Kaza skrubu kwa kuvuka, kona hii kisha ya pili yake mkabala, mzunguko wa kwanza nusu tu. Butili husogea polepole, na kwenye baridi husogea kwa shida zaidi. Hivyo kaza tena baada ya saa moja na tena kesho yake. Anayekaza yote mara moja hupasua plastiki au hukamua butili yote ikatoka nje, na chini kukabaki chuma kwa plastiki. Butili ikichungulia pande zote kama milimita 2, imetosha. Kata ziada, kisha piga mstari wa poliurethini kwenye ukingo na juu ya kila kichwa cha skrubu. Poliurethini hukauka kwa unyevu wa hewa, kama milimita 2 hadi 4 kwa siku, na chini ya nyuzi 5 za sentigredi ni afadhali uiache. Jua huila ikawa unga, kwa hiyo ipake rangi ikishakauka.

Iwapo dukani watakupa gundi ya paa inayojisawazisha yenyewe, itumie katikati ya paa tu. Kwenye mteremko wa pembeni itakimbia hadi madirishani kabla haijashika.

Kwetu maji hudondoka asubuhi za Januari, na mvua hakuna. Nje ni theluji imeganda. Mlango wa paa nimeubadilisha juzi tu. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Minneapolis, Minnesota*

Pengine hujakosea popote. Huo ni unyevu wa pumzi zenu, wa chai na wa sufuria za ugali, unaokutana na plastiki na chuma baridi na kugeuka maji. Mlango wa paa hauna godoro la kuzuia baridi kama dari, kwa hiyo huloa kwanza. Hakikisha: pangusa ndani pakauke, bandika karatasi ya nailoni juu ya uwazi wote kwa utepe, ulale. Asubuhi maji yakiwa upande wa kwenu wa nailoni, ni mvuke. Yakiwa upande wa mlango, ni uvujaji.

Dawa yake ni kutoa mvuke nje unapopika, hata kama ni kufungua kidogo kwa robo saa, na kukata kipande cha povu gumu la inchi 2 kinachoingia kwenye uwazi kwa kubana. Kishonee mkanda wa kuvutia upande wa ndani, ili mtu akihitaji kutoka akivute kwa mkono mmoja. Usikigundishe. Na hita ya gesi isiyo na bomba la kutoa moshi nje hutema maji mengi hewani, mbali na hatari ya sumu ya moshi wake. Ukiwa nayo, anza kuondoa hiyo.

Nataka kuondoa mlango wa nyuma kabisa na kuweka feni ya inchi 14. Fundi mmoja ameniambia achomelee bati, mwingine anasema ribiti. Nimsikilize yupi?
*Msomaji, Dallas, Texas*

Ribiti. Bati jembamba likichomelewa hujikunja kwa joto, pamba ya kuzuia baridi iliyo nyuma yake inaweza kuungua bila ninyi kuona, na bati la mabasi haya mara nyingi lina zinki, ambayo moshi wake humwangusha mtu kwa homa. Fundi hodari sana anaweza, lakini basi awe ameshabomoa dari yote eneo hilo.

Chukulia tundu lako ni inchi 24 kwa 24. Kata shiti ya chuma ya geji 18 ya inchi 28 kwa 28, ili ipite tundu kwa inchi 2 kila upande. Zungusha kona zake, kona kali huinuka. Mstari wa ribiti uwe inchi 1 kutoka ukingoni: hapo unapata mraba wa inchi 26, mzunguko wake inchi 104, na ukitenganisha ribiti kwa inchi 2 zitakuwa 52. Nunua 60. Ziwe za inchi 3/16 za chuma, aina iliyozibwa mkiani. Ile ya kawaida ina tundu katikati na maji hupita humo. Saizi inayoandikwa 6-2 hushika unene wa hadi inchi 1/8 na utatosha bati kwa bati. Panapoongezeka ukingo wa ubavu chini yake tumia 6-4. Biti ni namba 11.

Shiti ya alumini inashawishi kwa wepesi wake, ila fikiria kabla. Ikigusana na chuma penye maji huliwa, na hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa kipande cha sentimita 70 na tofauti ya nyuzi 60 kati ya usiku wa baridi na paa la Texas mchana, tofauti hufika karibu nusu milimita, na hiyo huchezesha ribiti kila siku. Chuma kwa chuma hakina ugomvi huo.

Kiraka kitupu cha ukubwa huo kitabonyea na kupiga kelele barabarani, na maji yatatuama katikati. Kwa hiyo kabla ya kukiweka, funga vipande viwili vya engo (chuma cha pembe) ya inchi 1 chini yake, kutoka ubavu hadi ubavu, vikiwa vimeachana kiasi cha kubeba pande mbili za tundu la feni. Ndipo toboa matundu yote, ukishikilia shiti kwa skrubu za muda kila tundu la nne. Iondoe, kwangua vinyweleo vya chuma, fyonza vumbi lote la chuma paani (likibaki, baada ya umande mmoja tu litatia madoa ya kutu kwenye rangi), paka praima pande zote mbili na kingo za matundu. Ikikauka piga mistari miwili ya poliurethini, mmoja nje na mmoja ndani ya mstari wa ribiti, rudisha shiti na upige ribiti kuanzia katikati ya kila upande kuelekea kona. Ukianza konani utasukuma mkunjo hadi katikati, na hautoki.

Feni yenyewe ina fremu bapa, na paa limepinda. Kile kipimo cha ubao na mwanya tulichomweleza msomaji wa Columbus kinakuhusu wewe zaidi kuliko yeye. Umeme wake ni volti 12. Feni nyingi za aina hiyo hula ampea 2 hadi 5 kwenye kasi ya juu. Ipe waya wake kutoka kwenye betri ya nyumba, wenye fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kwenye feni. Usiunganishe na zile nyaya za kengele. Hizo zilikuwa za kazi nyingine na zinategemea swichi ya gari.

Naweza kuweka plastiki angavu badala ya kifuniko, nipate mwanga?
*Msomaji, Phoenix, Arizona*

Ndiyo, ila iwe polikaboneti yenye kinga ya jua, unene wa milimita 6, si akriliki. Akriliki hupasuka jiwe au tawi likigonga. Kipande cha sentimita 70 hutanuka zaidi ya chuma kwa milimita 2 na zaidi katika tofauti ya nyuzi 60, kwa hiyo kwa skrubu ya milimita 5 toboa tundu la milimita 8, weka washa pana yenye raba, na usikaze hadi mwisho. Thina na asetoni zisikaribie: huacha nyufa ndogondogo ambazo utaziona baadaye. Kwa jua la kwenu, andaa na kizuizi cha jua, la sivyo utatamani giza.

Tunaomba mtuamulie, maana nyumbani tumefikia kununiana. Kitanda chetu kiko nyuma, chini ya mlango wa paa. Mume wangu anataka aufunge moja kwa moja kwa skrubu na gundi usivuje tena. Mimi sitaki, naogopa moto. Nani kati yetu yuko sahihi?
*Msomaji, Portland, Maine*

Dada, wewe. Mwonyeshe mzee haya.

Milango hii iliwekwa kwa sababu. Kanuni ya shirikisho la Marekani ya njia za dharura kwenye mabasi, namba 217, hutaka mlango wa paa uwe na uwazi wa angalau sentimita 41 kwa 41 na ufunguke kutoka ndani na kutoka nje. Basi likilala ubavu, milango ya upande mmoja iko chini na ya upande mwingine iko angani. Paa ndilo limegeuka ukuta, na mlango wa paa unakuwa wa kutokea kwa kutambaa. Basi likishasajiliwa kama gari la kuishi si basi la shule tena, na masharti hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Moto haujali usajili.

Jiulizeni hivi: jiko likiwaka moto usiku, na jiko liko kati ya kitanda na mlango wa mbele, mnatokea wapi? Ikiwa mlango wa dharura wa nyuma bado unafunguka kutoka kitandani, bila kuondoa godoro wala masanduku, mlango wa paa unaweza kuondolewa na kuwekwa kiraka kizuri. Ikiwa kitanda kimeuziba, mlango wa paa ndio wenu. Ubadilisheni, msiupige skrubu. Mlango uliofungwa kwa skrubu ni mbaya kuliko kiraka hata kwa kuvuja: una raba, una bawaba, una plastiki, na sasa haukaguliki.

Mkibaki nao, kila aliyelala humo ajaribu kuufungua gizani mara moja, akiwemo mtoto mwenye umri wa kutosha. Angalieni pia kama paneli za sola hazikuwekwa mahali kifuniko kinapoangukia kikifunguka. Hilo tunaliona kwenye picha nyingi mnazotutumia.

Habari zenu mafundi. Kikundi chetu kimenunua basi kuukuu la shule, Isuzu FRR, bodi ya kujengwa hapahapa, tulifanye maktaba ya kuzunguka. Mlango wa paa umeoza. Hiyo ya Marekani kuagiza ni ghali. Fundi wa jua kali anaweza kutengeneza?
*Msomaji, Nakuru, Kenya*

Anaweza, na huenda ukadumu kuliko wa plastiki. Mwambie tu asitengeneze kifuniko bapa kinachokaa juu ya paa bapa. Ajenge shingo.

Shingo ni fremu ya shiti ya geji 16, inayosimama sentimita 5 juu ya paa kuzunguka tundu, na ukingo wa kulala wa sentimita 4 unaofungwa kwenye bati kwa ribiti na gundi. Achomelee kona za shingo mezani, kabla haijapanda garini, na azisage. Kifuniko kiwe kikubwa kuliko shingo kwa sentimita 1.5 kila upande, kingo zake zimekunjwa chini sentimita 3. Raba hukaa ndani, juu ya mdomo wa shingo. Namna hiyo mvua huteremka nje ya kingo na haifiki kwenye raba kabisa. Raba inazuia vumbi na mrusho tu. Kunja juu ya kifuniko kidogo kwa mstari wa katikati, maji yasikae.

Asitumie mabati ya nyumba ya geji 30, ni mepesi mno, upepo wa barabara kuu utayang'oa. Bawaba ziwe upande wa mbele wa gari, ili mlango ukisahaulika wazi upepo uufunge badala ya kuung'oa. Komeo lifunguke kwa mkono kutoka ndani na nje, bila ufunguo na bila kufuli. Watoto watakaa humo wakisoma. Na kabla ya kukata chochote, fungueni dari mwone mirija ya fremu. Kwenye bodi za kujengwa nchini kila karakana hupanga mirija yake, na ukiukata mmoja kwa bahati mbaya paa litaanza kutikisika hadi madirishani. Tundu likilazimika kukata mrija, fungeni mrija mwingine kando yake kwanza, ndipo mkate.